Watu wa mawe wa Namoratunga

Ukishika njia ya kutoka Lodwar kwenda Kalokol, msomaji, usisinzie garini. Kando ya barabara, mahali palipokauka kabisa, utaona nguzo 19 za mawe meusi zimesimama, nyingine zimeinama kama watu waliochoka. Hapo ndipo Namoratunga, yaani "watu wa mawe" kwa Kiturkana.

Waulize wenyeji, watakuambia hao walikuwa wakicheza ngoma. Walitokewa na kiumbe wa ajabu, wakamcheka, wakageuka mawe papo hapo. Kila msimulizi huongeza chumvi yake. Lakini zitazame tena nguzo hizo zilivyokusanyika, nawe utakubali kwamba aliyeibuni hadithi hiyo alikuwa na jicho la msanii.

Mwaka 1978 wataalamu Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo hizo zilipangwa kufuata nyota. Wenzao walilipinga jambo hilo, na ubishi huo tuwaachie wao. Linalojulikana sasa ni kwamba nguzo za aina hii magharibi mwa Ziwa Turkana zilisimamishwa na wafugaji wa kwanza wa nchi hii, yapata miaka 5,000 hadi 4,000 iliyopita.

Ajabu kubwa zaidi iko Lothagam, ng'ambo nyingine ya jangwa hilo. Mwaka 2018 Elisabeth Hildebrand, Elizabeth Sawchuk na wenzao walitangaza kwamba chini ya jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi walizikwa watu wasiopungua 580. Walikuwamo wanaume, wanawake na watoto wachanga, na karibu kila mmoja alikuwa na pambo lake: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, vidani vya mawe ya rangi ya kijani. Mmoja alivishwa kichwani pambo la meno ya panya wa jangwani, zaidi ya 400! Hebu fikiria subira ya fundi huyo. Wala hapakuonekana kaburi la mkubwa lililotengwa na ya wadogo.

Wakati huo mvua zilikuwa zikipungua, ziwa likirudi nyuma, na wafugaji wakiingia mahali pageni penye wavuvi waliowatangulia.

Nilipoyasoma hayo niliikumbuka Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, ambako tangu 1992 wakimbizi kutoka Sudan, Somalia, Ethiopia na kwingineko wamekuwa wakiishi ubavuni mwa Waturkana. Huko utakuta mama wa Kiturkana mwenye shanga zilizopanda tabaka kwa tabaka hadi kidevuni. Nyingi sasa ni za dukani, lakini mkono unaozitunga haujasahau. Ningependa mama kama huyo aonyeshwe mapambo ya Lothagam kabla ya mtalii yeyote. Yeye angejua mara moja uzi ulipitia wapi.

Nawe ukifika Namoratunga, usichukue hata jiwe moja. Desturi ya hapo ni kuokota kijiwe na kukiweka juu ya nguzo. Utavikuta vingine vimekutangulia.