Picha ya Idi na Amana ya Wakati

Wiki hii tungependa kuzungumza nanyi, mama zetu, dada zetu na aila zote, juu ya jambo linaloonekana dogo: picha ya familia alasiri ya Idi.

Nyumbani kwetu tunayo picha moja ya Idi ya Mfungo Mosi. Tumo watu 23, wadogo kwa wakubwa, na katikati pana kiti kitupu. Kiti hicho kilikuwa cha mama yetu mzazi. Miadi ilikuwa saa kumi na moja jioni, pale Mama Ngina, chini ya mibuyu. Mama alifika mapema, amejipamba na hina yake, akaketi akangoja. Mpwa wetu mmoja alikwama kwenye feri ya Likoni. Mwengine alirudi nyumbani kufuata kofia. Watoto walikwenda kununua aiskrimu, wakarudi kanzu zina madoa. Mpiga picha naye alikuwa amezipa familia nyengine mbili saa ile ile yetu. Jua lilipokaribia kutua, mama alisema amechoka. Akaomba arudishwe nyumbani akatawadhe, asije akapitwa na Magharibi. Tulimwambia, "Mama, tutapiga tena Idi ya Mfungo Tatu, inshallah." Akajibu, "Mungu akitujaalia."

Mfungo Pili haukwisha ila Mola alikuwa amemchukua. Mwenyezi Mungu amrehemu. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Sisi tulimkosa mama.

Tangu siku hiyo tumelitazama jambo hili kwa jicho jengine. Tuliketi na binti mmoja wa mtaa wetu ambaye kazi yake ni kupiga picha, tukamuuliza kwa nini familia moja humaliza kwa dakika 20 na nyengine humaliza jioni nzima. Jibu lake lilikuwa fupi: "Sheikh, picha huharibikia nyumbani, kabla kamera haijafunguliwa." Tumeyapima maneno yake, tukayaona ni ya kweli.

Jambo la kwanza ni orodha. Siku mbili kabla ya Idi, mama wa nyumba na waandike ni picha zipi zinazotakiwa. Tano au sita zatosha kwa kikao kifupi. Kisha zipangwe kwa utaratibu huu: picha ya kwanza iwe ya watu wote, wazee wakiwa wameketi na watoto wachanga wakiwa mikononi, kwa kuwa hao ndio huchoka mwanzo. Ya pili, wazee na wajukuu. Hapo wazee waachiwe wakapumzike. Zifuatie picha za kila nyumba, kisha ndugu wa tumbo moja, na mwisho vijana. Siri ya utaratibu huu ni kwamba kumruhusu mtu atoke ni rahisi kuliko kumtafuta aingie.

Jambo la pili ni msimamizi. Mpiga picha hajui nani ni shangazi na nani ni mkaza mwana; akiachiwa kazi ya kuita watu, muda wote utakwisha katika kuita. Achaguliwe mtu mmoja wa familia, mwenye sauti na heshima, ashike orodha na kuita majina. Katika kila aila hakukosekani shangazi wa namna hiyo. Akishachaguliwa, wengine wamtii.

Jambo la tatu ni saa yenyewe. Hapa Mombasa Magharibi huingia baina ya saa kumi na mbili na dakika 10 na saa kumi na mbili na dakika 45, kwa kutegemea mwezi. Mpiga picha akianza saa kumi na robo, baada ya jamaa ya Alasiri, na akaipa kila familia dakika 20 za picha na dakika 10 za pengo, atahudumia familia tatu na kumaliza saa kumi na mbili kasoro robo. Asiahidi ya nne. Idi ina siku ya pili na ya tatu; riziki haikimbii. Familia nayo ifike robo saa kabla ya miadi, na mwenye kuvuka Likoni atoke kwake akiijua foleni ya feri. Aliyechelewa apewe dakika zilizobaki katika fungu lake, asipewe za mwenziwe. Hili baadhi huliona ni ukali. Sisi twaliona ni uadilifu, kwani dakika za watu ni haki yao, na haki ya mtu hailiwi kwa sababu ni siku ya furaha.

Watoto walishwe na walale kidogo adhuhuri; nguo za Idi wavishwe mwisho, na aiskrimu ije baada ya picha. Mpiga picha awe ameichaji betri usiku, na apange viti kabla ya wageni kufika. Pale Mama Ngina jua hutua nyuma ya mji, na jioni vivuli vya mibuyu huwa virefu. Waketishwe kivulini wote pamoja, wasiwe nusu kivulini na nusu juani. Malipo, idadi ya picha na siku ya kuzipokea vikubaliwe mapema, ili pasiwe na ubishi mbele ya watoto.

Jambo la mwisho lawahusu zaidi dada zetu. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya picha, na kila mmoja na amfuate mwalimu anayemwamini. Lakini anayepiga na ailinde sitara. Dada anayetaka picha asiyojifunika mbele ya jamaa zake, na atafute mpiga picha mwanamke, na kikao kiwe ndani ya nyumba, karibu na dirisha lenye mwanga. Waagane kabla: picha hizo zisitiwe mtandaoni, asionyeshwe mteja mwengine, na zikishakabidhiwa zifutwe kwenye kamera. Hiyo ni amana, nayo itaulizwa.

Idi iliyopita tulijaribu utaratibu huu. Shangazi yetu mkubwa ndiye aliyeketi kitini mwanzo. Dada yetu alishika orodha, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Tulimaliza kwa dakika 18, tukasali Magharibi kwa jamaa, na shangazi alikuwa kwake akinywa kahawa.

Mola wetu ameapa kwa wakati katika Kitabu chake, na Sala ameiwekea nyakati maalumu. Basi enyi wazazi, Idi ijayo msiwaache wazee wenu wakingoja juani. Waketisheni mwanzo, wangali nasi.

Mwenyezi Mungu awape umri mrefu walio hai, na awasamehe waliotutangulia. Amin.