Kungoja Kusiko na Tarehe: Dhiki ya Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Nakuru Wakati wa Korona

Dhiki ya kisaikolojia ni hali ya akili na moyo kulemewa: wasiwasi usiotulia, huzuni isiyoondoka, usingizi unaokatika, hamu ya chakula na ya masomo inayopotea. Si lazima iwe ugonjwa. Aliyefiwa au aliyeanguka mtihani huipitia, kisha ikapungua. Inapodumu wiki 2 au zaidi na kumzuia mtu kufanya shughuli zake, hapo huwa jambo la tabibu. Kipimo kinachotumika sana kwa sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, kina maswali 9 na alama kutoka 0 hadi 27. Anayefikisha 10 anahitaji kuchunguzwa na mtaalamu.

Kenya ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Siku 2 baadaye serikali iliagiza shule zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi tarehe 20. Njoro, kilipo Chuo Kikuu cha Egerton, wanafunzi walifunga virago ndani ya siku chache. Katika Chuo Kikuu cha Kabarak na matawi ya vyuo mjini Nakuru hali ikawa hiyohiyo. Njokerio, mtaa unaoishi kwa kodi ya wanafunzi, ukanyamaza.

Hofu ya virusi ilikuwepo, hasa kwa ajili ya wazazi na nyanya waliobaki nyumbani. Lakini kwa kijana wa miaka 20 hatari ya kufa ilikuwa ndogo. Kilichotafuna zaidi ni kungoja kusiko na tarehe. Muhula ulisimama, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hufuata muhula. Kuhitimu, kutafuta kazi, hata kuoa au kuolewa, vyote vilining'inia. Tabu yenye mwisho unaojulikana mtu huipangia siku zake. Isiyo na mwisho huzivuruga siku zenyewe: mchana unakuwa wa kulala, usiku wa kukesha na simu, na kukosa usingizi kunazidisha wasiwasi uleule uliokuletea kukesha.

Nyumbani nako kulikuwa na mizigo. Soko la maua Ulaya lilipoanguka, maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya Naivasha walipelekwa likizo bila malipo. Mwaka huohuo maziwa ya Naivasha na Baringo yalifurika na kuhamisha familia. Mwanafunzi aliyekuwa fahari ya ukoo akajiona mdomo mwingine wa kulishwa, na aibu ya namna hiyo haisemwi mezani. Uchunguzi wa wanafunzi 7,143 wa chuo cha utabibu huko Changzhi, China, mapema mwaka 2020, ulikuta takriban robo yao wana dalili za wasiwasi. Walioishi na wazazi, na wale ambao kipato cha familia zao kilikuwa thabiti, walipungukiwa nazo. Kwa wengi wa Bonde la Ufa wazazi walikuwepo. Kilichokosekana ni kipato.

Masomo ya mtandaoni yalipaswa kuwa nafuu, ila yalidai simu nzuri, bando na mawimbi. Julai 2020 kampuni ya Loon ilishirikiana na Telkom Kenya kurusha puto za intaneti juu ya eneo lililojumuisha Nakuru na Baringo; Januari 2021 Loon ikatangaza kufunga kazi. Mwenye bando alisonga mbele, asiye nalo akaachwa na wenzake wa darasa moja. Kuachwa huko kuliumiza kuliko kufungwa kwa wote.

Kisha, watu walipokuwa wamerudi madarasani, amri ya 26 Machi 2021 iliifungia Nakuru pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, kafyu ikaanza saa 2 usiku, na masomo ya ana kwa ana vyuoni yakasitishwa hadi itakapotangazwa tena, isipokuwa kwa waliokuwa wakifanya mitihani na wanagenzi wa utabibu. Mpaka wa kaunti ulifunguliwa 1 Mei. Tumaini lililorudishwa na kunyang'anywa tena huchosha kuliko lile lisilokuja.

Msaada ulikuwa mgumu kuufikia. Ofisi za ushauri nasaha ziko ndani ya vyuo, na vyuo ndivyo vilivyofungwa. Ushauri wa simu unadai mahali pa faragha, na katika nyumba ya vyumba viwili hakuna neno lisilosikika upande wa pili wa pazia. Tena kwa Wakenya wengi kutaja maradhi ya akili ni kutaja Mathari, hospitali ya Nairobi ambayo jina lake limekuwa tusi, jambo linalowaonea wagonjwa na wauguzi wake pia. Sheria nayo iliziba midomo: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, hivyo kijana aliyenusurika na kukiri angeweza kushtakiwa. Kifungu hicho kilidumu miaka yote ya korona. Mahakama Kuu ilitamka kuwa kinakiuka katiba Januari 2025.