Safari ya Aisilandi, Kisiwa cha Moto na Barafu

Ukitazama ramani ya dunia, upande wa kaskazini wa bahari ya Atlantiki, kati ya Norwei na Grinlandi, utaona kisiwa kimoja kikubwa kilicho peke yake. Hicho ndicho Aisilandi, na maana ya jina lake ni Nchi ya Barafu. Eneo lake ni kadiri ya kilometa za mraba 103,000, lakini watu wake ni karibu 400,000 tu, na zaidi ya nusu yao hukaa katika mji mkuu, Reykjavík, na vitongoji vyake. Katikati ya nchi hamna mji wala kijiji. Ni jangwa la mawe, mchanga na barafu.

Kila mwaka wageni wengi husafiri kwenda kukitembelea kisiwa hicho. Mwaka 2024 walizidi milioni mbili, yaani kwa kila mwenyeji mmoja walifika wageni zaidi ya watano. Huenda kutazama milima itoayo moto, barafu isiyokwisha, maporomoko ya maji na chemchemi zichemkazo. Lakini Aisilandi si nchi ya kuendea ovyo. Msafiri hana budi kujua kwanza nchi ilivyo, maana huko si yeye aamuaye mambo. Ni ardhi, upepo na majira.

Ganda la nje la dunia limegawanyika vipande vikubwa, na viwili katika hivyo vyapakana chini ya Aisilandi. Kimoja chaelekea magharibi, upande wa Amerika, na cha pili mashariki, upande wa Ulaya. Vyaachana kadiri ya sentimeta mbili kila mwaka. Hapo vinapoachana, mawe yaliyoyeyuka kwa joto hupanda kutoka chini, na ndivyo kisiwa chote kilivyojengwa. Watu wa Afrika Mashariki wana mfano wake kwao: Bonde la Ufa nalo lilitokea kwa nchi kupasuka na kutanuka. Mahali paitwapo Thingvellir msafiri aweza kupita kwa miguu ndani ya ufa wa namna hiyo, kando ya kuta za mawe meusi. Hapo ndipo wakuu wa nchi walipoanza kukutana mwaka 930, watunge sheria na kuamua kesi. Baraza lao liliitwa Althing, na bunge la nchi hata leo laitwa kwa jina lilo hilo, ila sasa hukutana Reykjavík.

Katika kupanga safari, jambo la kwanza la kukata shauri ni majira. Watu wakaao karibu na ikweta wamezoea mchana na usiku kuwa karibu sawa mwaka mzima. Aisilandi sivyo. Mwezi wa Juni jua huzama usiku wa manane na kuchomoza tena baada ya saa tatu hivi, na giza halipatikani kabisa. Mwezi wa Desemba jua huonekana Reykjavík kwa saa nne tu, kisha usiku hurudi. Basi atakaye kutembea milimani huenda wakati wa kiangazi. Na atakaye kuona mianga ya kaskazini, ile nuru ya kijani ichezayo angani, huenda kati ya Septemba na Machi, wakati usiku una giza. Ni vigumu kuyapata yote mawili kwa safari moja.

Baridi yake si kali kama jina la nchi lilivyo, kwa sababu mkondo wa maji ya vuguvugu hutoka kusini na kupita pwani zake. Mwezi wa Januari joto la Reykjavík huwa karibu na digrii sifuri, na Julai kadiri ya digrii kumi na moja. Lakini upepo na mvua huja kwa ghafula. Kwa hiyo msafiri mwenye busara huchukua nguo za sufu za kuvaa ndani, na koti lisilopitisha maji wala upepo la kuvaa juu, hata akienda Julai.

Jambo la pili ni njia. Wageni wengi hufika kwa ndege katika uwanja wa Keflavík, ulio mwendo wa kilometa 50 hivi kutoka mji mkuu. Raia wa Kenya au Tanzania hana budi kupata viza kabla ya kuondoka kwao. Kutoka Reykjavík iko barabara kuu izungukayo kisiwa chote, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 1,300. Ilikamilika mwaka 1974. Mtu aweza kuizunguka kwa juma moja, lakini afadhali awe na siku kumi, ili dhoruba ikimzuia mahali asilazimike kukimbia. Njia za milimani ni mambo mengine: hufungwa wakati wote wa baridi, nazo hufunguliwa Juni au Julai. Hutaka motokaa ya nguvu, iendeshwayo kwa magurudumu yote manne, maana mito mingi huko haina madaraja. Tena kutoka nje ya njia kwa motokaa ni marufuku, kwa kuwa mimea ya nchi ile hukua polepole sana, na alama ya gurudumu hukaa miaka mingi.

Jambo la tatu ni kuchagua ya kutazama. Si mbali na Reykjavík iko chemchemi iitwayo Strokkur. Maji ya mvua na theluji huingia ardhini hata yakafika penye mawe ya moto. Yale yaliyo chini hugandamizwa na uzito wa yaliyo juu, hata hayawezi kuchemka upesi; joto likizidi, hugeuka mvuke mara moja na kuyarusha yale ya juu. Hivyo kila baada ya dakika chache Strokkur hurusha maji angani kadiri ya meta 15 hadi 20, na mara nyingine zaidi. Karibu na hapo ni maporomoko ya Gullfoss, ambapo mto huanguka meta 32 kwa ngazi mbili. Upande wa kusini mashariki ni Vatnajökull, barafu kubwa kuliko zote za kisiwa, na chini yake imo milima ya moto.

Jambo la nne, nalo ni kubwa kuliko yote, ni kujua hatari. Katika pwani ya Reynisfjara mchanga ni mweusi kama makaa, na mahali penyewe ni pazuri mno. Mawimbi hufika madogo kwa muda, kisha moja kubwa huja bila kutazamiwa, likapanda mbali ufukoni na kuwakokota watu baharini. Wageni kadha wa kadha wamekufa hapo, ingawa mbao za maonyo zimesimamishwa. Juu ya barafu nako mna mianya mirefu iliyofunikwa na theluji. Asiye na kiongozi hatakiwi kupita.

Kila siku idara ya hali ya hewa hutangaza maonyo kwa rangi: manjano ni kujihadhari, machungwa ni hatari, na nyekundu ni hatari kubwa mno. Msafiri akipotea au kukwama, wamwendeao si askari wa kulipwa. Ni watu wa kujitolea: wavuvi, walimu, mafundi na wakulima, ambao huacha kazi na vitanda vyao wakaingia katika dhoruba bila mshahara. Basi anayedharau onyo hahatarishi maisha yake peke yake. Huhatarisha pia baba na mama za watoto wa watu.

Wenyeji wenyewe wamejifunza kwa taabu kuiheshimu nchi yao. Mwaka 1783 ardhi ilipasuka mahali paitwapo Laki, ikatoa moto na hewa ya sumu kwa miezi minane. Majani yaliharibika, mifugo mingi ikafa, na njaa ikaua karibu mtu mmoja katika kila watano. Lakini usiku wa tarehe 23 Januari 1973, moto ulipotoka katika kisiwa kidogo cha Heimaey, watu wake zaidi ya 5,000 hawakungoja. Vyombo vya uvuvi vilikuwa bandarini kwa sababu ya dhoruba ya siku iliyotangulia, na kabla ya siku kupita karibu wote walikuwa wamevushwa salama. Kisha wakapiga maji ya bahari kwa pampu juu ya mawe yaliyoyeyuka, yakapoa na kuganda, na bandari ikaokoka. Tena mwezi wa Novemba 2023, nchi ilipotetemeka mfululizo, mji wa Grindavík ulihamwa usiku mmoja, na watu wake wote wakatoka salama.

Moto huo huo huleta faida pia. Karibu nyumba zote za Aisilandi hupata joto kwa maji ya moto yatokayo ardhini. Wataalamu wengi wa Kenya wamekwenda huko kujifunza kazi hiyo, na huko Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini waendesha mitambo ya umeme.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika Aisilandi mkuu ni nchi yenyewe. Msafiri aliyechagua majira yake, akafungasha nguo zifaazo, akaacha siku za akiba, na kila asubuhi akasikiliza maonyo kabla ya kuondoka, ataona mengi ya ajabu, naye atarudi kwao kuyasimulia.