Medali ya Vita: Angalia Ukingo Kabla ya Kutuma Pesa

Ukambani kulitoa askari wengi wa King's African Rifles, kwa hivyo ukiona medali ya zamani inauzwa mtandaoni, eti imetoka Kitui au Makueni, inawezekana kabisa. Lakini kabla hujatuma chochote, itisha picha ya ukingo.

Medali ya Uingereza ya vita vya 1914-18 ni ya madini ya fedha, upana milimita 36, na nambari na jina la askari yamepigwa chapa ukingoni. Ukingo ukiwa mtupu, shuku: ni nakala, ama jina limefutwa. Nyota ya Burma, ambako wanajeshi wetu walipigana 1944, ndiyo ngumu. Uingereza iliitoa bila jina, kwa hivyo feki hujificha hapo kwa urahisi.

Nakala si kosa, bora iuzwe kwa bei ya nakala.

Jina linalotokea kwenye simu unapolipa ni la mwenye laini tu, halithibitishi medali. Tunakushauri mkutane Wote au Mwingi mjini, uishike, ndio ulipe. Na kama wewe ndiye unauza ya babu, usiiachilie kwa sababu ya meseji. Angalia salio kwanza.