Mtoto akitaka kusomea filamu, fahali auzwe au asiuzwe?

MATOKEO ya kidato cha sita yanapotangazwa, familia nyingi za wakulima huwa zimekwishapiga hesabu zao. Magunia kadhaa ya mahindi yatauzwa, fahali mmoja atapelekwa mnadani, na mtoto ataingia chuo kikuu kusomea ualimu, uhasibu, uuguzi au kilimo. Hesabu hizo huvurugika pale mtoto anaposema kuwa yeye anataka kusomea filamu na katuni.

Mzazi huuliza swali moja tu: hiyo ni kazi au ni mchezo?

Swali hilo si la kubezwa. Ada ya miaka mitatu ni mtaji, na hakuna mkulima wala mwenye duka anayeweka mtaji mahali asipopajua. Hata hivyo, kukataa bila kuuliza nako kuna hasara yake. Biashara ya filamu na katuni ipo, ina soko, na sehemu ya soko hilo ni wakulima wenyewe.

Bwana shamba wa kwenye skrini

Mwaka 2012 nchini Kenya kilianza kipindi cha televisheni kiitwacho Shamba Shape Up. Katika kipindi hicho, watangazaji na wataalamu huenda kwenye shamba la mkulima mdogo, wakatazama banda la kuku, ng'ombe, udongo na ghala, kisha wakarekebisha mambo huku kamera ikifuatilia. Mtazamaji nyumbani hujifunza bila kuitwa kwenye semina. Lakini nyuma ya kipindi cha namna hiyo kuna mwandishi, mpiga picha, mnasa sauti na mhariri, na wote hao wanalipwa.

Katuni nazo zimeingia shambani. Mwaka 2011, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, ulianzishwa mradi wa SAWBO wa kutengeneza katuni fupi za mafunzo zinazoweza kuchezwa kwenye simu. Moja ya mada zake ni namna ya kuhifadhi kunde na maharage katika vyombo vilivyofungwa visipitishe hewa, ili bungua wafe bila dawa. Watafiti walilinganisha njia hiyo na mafunzo ya kawaida huko Gurué, Msumbiji, wakakuta kwamba wakulima waliotazama katuni hawakuwa nyuma ya wale waliofundishwa na maofisa ugani.

Faida ya katuni kibiashara iko hapo. Picha huchorwa mara moja, kisha hubadilishwa sauti tu, na bidhaa ileile ikatumika kwa Kiswahili, Kihausa au Kireno.

Hapa Tanzania, kampuni ya Ubongo ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, na mwaka uliofuata katuni zake za kufundisha watoto hisabati na sayansi zikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni. Leo zinatazamwa katika nchi nyingi za Afrika.

Kama korosho ghafi

Wakulima wa Mtwara na Lindi wanajua maana ya kuuza korosho ghafi, zikabanguliwe kwingine na faida kubwa ibaki huko. Katika katuni jambo linalofanana na hilo limewahi kutokea.

Uchoraji wa tingatinga ulizaliwa Dar es Salaam mikononi mwa Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Mwaka 2010 kituo cha watoto cha BBC cha Uingereza kilianza kuonyesha katuni za Tinga Tinga Tales, zenye wanyama na rangi za mtindo huo. Katuni hizo zilitengenezwa Nairobi. Mtindo ulitoka Dar es Salaam, lakini ajira za kompyuta zilikwenda kule kulikokuwa na studio na vijana wa kufanya kazi hiyo.

Uganda nayo imeingia sokoni. Mwaka 2023 kampuni ya Disney ilitoa mkusanyiko wa katuni fupi 10 kutoka Afrika, uitwao Kizazi Moto. Mmojawapo wa walioongoza katuni hizo ni Raymond Malinga wa Kampala, na kazi yake inahusu mchungaji wa ng'ombe. Ng'endo Mukii wa Kenya pia alikuwamo. Hawa walisomea fani hiyo, Malinga nchini Malaysia na Mukii nchini Marekani na Uingereza.

Michoro 720 kwa dakika moja

Wengi hudhani kuwa kusomea filamu ni kujifunza kushika kamera. Kamera ni sehemu ndogo. Mwanafunzi hufundishwa kuandika hadithi, kupanga matukio kwa michoro kabla ya kupiga picha, kutumia mwanga, kunasa sauti, kuhariri, kuandaa bajeti na kulinda hakimiliki.

Katuni ina jasho zaidi. Filamu hupita mbele ya macho kwa picha 24 kila sekunde. Anayechora kwa mkono kwa kawaida hutumia kila mchoro mara mbili, hivyo anahitaji michoro 12 kwa sekunde, sawa na 720 kwa dakika. Katuni ya dakika tano itahitaji michoro 3,600.

Kompyuta hupunguza kuchora, lakini nayo ina gharama yake. Tuseme picha moja inachukua dakika 10 kukamilishwa na mashine. Sekunde moja ya katuni itachukua saa nne, na dakika moja itachukua siku 10 mchana na usiku. Umeme ukikatika katikati, kazi inasimama. Ndiyo maana chuo chenye maabara ya kompyuta nyingi na jenereta inayofanya kazi si sawa na chuo chenye jina zuri tu.

Habari njema ni kwamba programu si lazima inunuliwe. Blender ni programu ya katuni inayopatikana bure. Filamu ya katuni iitwayo Flow, kutoka Latvia, ilitengenezwa kwa programu hiyo, na mwaka 2025 ikashinda tuzo ya Oscar.

Kuuza mpunga ukiwa shambani

Tatizo kubwa la fani hii si kukosa kazi bali ni namna ya kulipwa. Katika miaka ya 2000, filamu za Kitanzania ziliuzwa kwa kanda, kisha kwa diski. Watayarishaji wengi walimuuzia msambazaji haki zote kwa malipo ya mara moja. Ilikuwa sawa na mkulima mwenye shida anayeuza mpunga ukiwa bado shambani: bei ikipanda, anayefaidi ni mwingine. Wezi wa kazi za sanaa nao walirudufu diski hizo na kuziuza kwa bei ya kutupa. Mwaka 2013 serikali ilianzisha stempu za kodi kwenye bidhaa za filamu na muziki, lakini muda si mrefu simu na intaneti zikaliua soko la diski lenyewe.

Mhitimu wa leo anategemea vituo vya televisheni, matangazo ya biashara, miradi ya mashirika, kazi za mtandaoni na hata video za harusi. Asiyejua kusoma mkataba atarudia makosa ya waliomtangulia.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

Kozi imeidhinishwa? Shahada huthibitishwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na stashahada na NACTVET. Tangazo la redioni si uthibitisho.

Mwanafunzi atatoka na nini mkononi? Mwajiri katika fani hii huomba kuona kazi kabla ya kuona cheti. Chuo kiulizwe kila mwanafunzi hutengeneza filamu ngapi hadi anahitimu, kisha kiombwe kuonyesha za waliomaliza mwaka jana.

Vifaa vipo vingapi, na wanafunzi wangapi wanavigombea?

Kuna njia ya gharama nafuu zaidi? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha fani hii kwa shahada, lakini Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa, hutoa astashahada na stashahada.

Mkopo upo? Bodi ya Mikopo hutoa mwongozo kila mwaka, na vipaumbele vya kozi hubadilika. Usomwe mwongozo wa mwaka husika, si wa mwaka jana.

Robo eka kwanza

Mkulima mwenye busara akiletewa mbegu mpya haipandi shamba zima. Huijaribu kwenye robo eka, akaona inavyohimili jua na wadudu.

Kwa mtoto huyu robo eka ni miezi ya kusubiri chuo. Apewe simu yenye kamera na kazi moja: atengeneze filamu ya dakika mbili kuhusu duka la mama yake au namna baba anavyokausha mahindi, aihariri, na aimalize kwa tarehe waliyokubaliana. Kisha waitwe majirani waitazame.

Akiimaliza, na majirani wakaelewa, mzazi ameona dalili ya mavuno. Akiiacha njiani, fahali bado yupo zizini.