Neno "Nice" Lilipokuwa Tusi

Wanangu, ungekuwa unaishi Uingereza miaka 700 iliyopita, halafu mtu akakuita "nice", ungekuwa na haki ya kukasirika. Alikuwa anakuita mpumbavu.

Neno hilo, ambalo leo hata mtoto wa darasa la tatu analijua kwa maana ya "zuri" au "la kupendeza", lina asili ya Kilatini: nescius, yaani asiyejua. Wafaransa wa kale walilichukua, wakalifupisha, wakamwita nalo mtu zuzu. Kutoka kwao likavuka bahari na kuingia katika Kiingereza mnamo mwaka 1300, ujinga wake likiwa nao bado.

Sasa tulifuate nyayo zake, maana hapa ndipo penye utamu. Kwanza lilimhusu mjinga. Kisha likamhusu mtu wa mbwembwe, anayevaa kwa kujishaua. Halafu likahamia kwa mtu mchaguzi, yule ambaye hiki hali, kile hakigusi, na godoro likiwa na kijivimbe halali usingizi. Lakini mchaguzi ana kipaji kimoja: huona vitu vidogo ambavyo wengine huvipita. Basi neno likageukia umakini. Waingereza wakasema "nice distinction", yaani tofauti nyembamba sana inayohitaji akili iliyotulia kuiona, na wanasheria wao wanasema hivyo hadi leo. Na kitu kilichofanywa kwa umakini, si hupendeza? Katika miaka ya 1700 "nice" likawa sifa ya chochote kinachofurahisha: chakula, hali ya hewa, mgeni aliyepita kusalimia.

Hakuna aliyeamka asubuhi moja akaamuru kwamba tusi ligeuke sifa. Kila kizazi kilisogeza hatua ndogo, na kila hatua ilikuwa na maana kwa walioipiga. Watoto walilipokea neno kutoka kwa wazazi wao kama mdogo anavyorithi shati la kaka yake: shati ni lile lile, mwili uliomo ni mwingine.

Wapo walionung'unika. Katika riwaya ya Jane Austen iitwayo Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817, kijana Henry Tilney anamtania binti Catherine Morland kwa sababu kila kitu kwake ni "nice". Henry anaona neno limepanuliwa mpaka limebaki tupu. Miaka zaidi ya 200 imepita, walimu wa insha bado wanawaambia wanafunzi wao hivyo hivyo, na neno halijatikisika.

Neno jingine lilisafiri njia hiyo kinyumenyume. "Silly" leo ni mpuuzi. Katika Kiingereza cha kale lilitamkwa kwa namna nyingine, na maana yake ilikuwa "mwenye heri, aliyebarikiwa". Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiingereza, bado wanalo neno selig kwa maana hiyo ya baraka. Aliyebarikiwa alionekana hana hatia, asiye na hatia akaonekana wa kuhurumiwa, wa kuhurumiwa akaonekana mnyonge, na mnyonge akaonekana hana akili. Inaniuma kidogo kulisimulia hilo, maana si neno tu lililoshuka. Linatuonyesha jinsi watu wanavyomtazama mpole. Hata kwetu, mtu akiwa mpole kupita kiasi, wenzake hawakawii kumwona bwege.

Mnaweza kuniuliza: haya ya zamani yatatusaidia nini, sisi tunaosoma Kiingereza cha leo? Yatawasaidia siku mtakapofungua kitabu cha zamani. Neno usilolijua halikudanganyi; unalitafuta kwenye kamusi, basi. Linalokudanganya ni lile unalodhani unalijua.

Chukueni "meat". Mwalimu amekufundisha kuwa ni nyama. Unafungua Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 chini ya Mfalme James, unasoma sura ya kwanza ya Mwanzo, na unakuta Mungu anawapa watu majani yenye mbegu na miti yenye matunda yawe "meat" kwao. Nyama ya majani? Unafika Mambo ya Walawi sura ya pili, unakuta sadaka iitwayo ya "meat", lakini ndani yake kuna unga, mafuta na ubani, hamna hata kipande cha mnofu. Jibu ni kwamba wakati ule "meat" kilikuwa chakula chochote. Baadaye neno likabanwa kwenye chakula cha namna moja. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili hawakunaswa na mtego huo; sadaka ile kwetu ni sadaka ya unga. Na mabaki ya maana ya zamani bado yapo ndani ya "sweetmeat", ambayo ni kitu kitamu cha sukari wala haijawahi kupita buchani.

"Deer" nalo lilibanwa hivyo. Leo ni mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe zenye matawi. Zamani alikuwa mnyama yeyote, na Tier ya Kijerumani bado ni mnyama yeyote. Katika tamthilia ya King Lear ya Shakespeare, mhusika mmoja anawataja panya, wakubwa kwa wadogo, kama "deer". Kilichotokea ni kwamba mwaka 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na maneno yao yakaingia pamoja nao. Kifaransa kikaleta "beast", baadaye Kilatini kikaleta "animal", na "deer" likasukumwa pembeni mpaka likabaki na mnyama mmoja tu, yule ambaye wakubwa walipenda kumwinda. Kiswahili hakikupita njia hiyo. Mzizi wetu wa nyama ungali umebeba vyote viwili: aliye hai porini na kilichomo sufuriani.

Lipo pia "prevent", neno ambalo hupenda kuwafundisha vijana wanaofikiri Kiingereza cha zamani ni rahisi. Leo ni kuzuia. Katika Biblia hiyo ya 1611, kwenye waraka wa kwanza kwa Wathesalonike sura ya nne, Paulo anasema kwamba watakaokuwa hai siku ya kuja kwa Bwana hawata-"prevent" waliolala mauti. Kama ni kuzuia, mstari mzima unapinda. Biblia ya Kiswahili imetumia kitenzi kutangulia, na hapo ndipo palipo ukweli, kwa kuwa prae ya Kilatini ni mbele na venire ni kuja. "Prevent" lilikuwa kuja mbele ya mwenzako. Na anayekutangulia kwenye njia nyembamba anaweza kukuzibia, ndiyo maana kutangulia kukazaa kuzuia. Kwa mstari ule, msomaji wa Kiswahili yuko karibu na maana kuliko Mwingereza wa leo mwenye nakala ya 1611 mkononi.

"Let" ni kisa cha maneno mawili yaliyogongana. Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi kimoja cha kuruhusu na kingine cha kuzuia, na sauti zao zilikaribiana hadi zikawa moja. Fikiria tabu hiyo: neno moja, maana mbili zinazopingana! Hamlet, katika tamthilia yenye jina lake, anapotishia kumuua atakayem-"let", anamaanisha atakayemzuia asiufuate mzimu wa baba yake. Lugha haikuweza kuzibeba zote mbili kwa muda mrefu, na ya kuruhusu ikashinda. Ya kuzuia imejificha pembeni. Kwenye tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa wavu kabla ya kuangukia upande wa pili, mwamuzi hutamka "let", na mchezaji huanza upya. Kwenye pasipoti ya Uingereza, mwenye pasipoti anaombewa apite bila "let", na neno la pili la kuzuia limewekwa kando yake.

Sasa njooni kwenye maneno ya kutisha. "Terrific" linatokana na hofu. John Milton alipolitumia katika utenzi wake Paradise Lost, mwaka 1667, alikuwa anamwelezea nyoka, na hakuwa anamsifu. Leo mtoto akipata alama nzuri, mwalimu humwambia "terrific!" na mtoto hucheka. Ndugu yake "terrible", aliyezaliwa na hofu ile ile, amebaki mbaya. Vivyo hivyo "awful" na "awesome": yote mawili yametoka kwenye hofu yenye heshima, ile ambayo Waswahili wa zamani waliiita kicho. La kwanza likaoza, la pili likang'aa. Ukitafuta kanuni itakayoeleza kwa nini hili lipande na lile lishuke, hutaipata.

Lakini msiwashangae Waingereza. Sikilizeni mazungumzo yenu wenyewe uwanjani. Mshambuliaji akifunga mabao matatu, mnasema "jamaa ni hatari", "huyu ni balaa". Wimbo ukiwapendeza, ni "mkali". Balaa ni msiba mzito, na mkali ni mbwa anayeng'ata. Maneno ya sifa huchoka upesi, kwa sababu kila mtu anayatumia kwa kila kitu. Na anayetaka sifa yake isikike huenda kuazima nguvu kwenye ghala la hofu. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanafanya hivyo kila siku, bila kumwomba ruhusa mtu yeyote.

Ugomvi mkubwa wa siku hizi ni juu ya "literally". Maana yake ya asili ni "kwa herufi", yaani neno kwa neno, bila mafumbo. Lakini watu hulitumia kutia chumvi: "literally" nimekufa kwa kucheka, asema mtu aliye hai. Mwaka 2013 palikuwa na kelele nyingi ilipobainika kuwa kamusi kubwa ya Oxford imeliandika na maana hiyo ya pili. Waliokasirika walidhani ni uvivu wa vijana wa intaneti. Lakini mwandishi Mark Twain, mwaka 1876, alimwelezea mhusika wake Tom Sawyer kuwa "literally" anagaagaa katika utajiri, na mali yenyewe ilikuwa vikorokoro vya kuchezea alivyopewa na wenzake ili awaruhusu kupaka chokaa uzio. Mimi niko upande wa kamusi, na sababu yangu ni neno "very". Lilipotoka Ufaransa lilimaanisha "-a kweli". Likatumika kukazia mpaka ukweli ukalitoka wote, likabaki "sana" tu. Wanaolilaani "literally" wanalitamka "very" kutwa nzima. Nasi tunasema "chai tamu kweli", wala hakuna anayeuliza kama kuna chai tamu ya uongo.

Kamusi hiyo ya Oxford inastahili heshima yenu. Wazo lake lilianza London mwaka 1857. James Murray akaanza kuihariri 1879. Toleo la kwanza likakamilika 1928, yeye akiwa amekwisha kufariki. Murray alifanya kazi katika banda la mabati, na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi walimtumia vikaratasi kwa posta, kila kimoja kikiwa na neno, sentensi iliyokutwa kitabuni na mwaka wa kitabu. Ndiyo maana kamusi ile haikuambii tu neno lina maana gani. Inapanga maana kuanzia ya kale hadi ya jana, na ushahidi wake chini. Kabla yake, mwaka 1755, Samuel Johnson alikuwa ametoa kamusi akiwa na matumaini ya kuifunga lugha isiende popote. Alipofika kwenye dibaji alikiri kwamba haiwezekani.

Na maneno hayahami ndani ya lugha moja tu. Kwetu, mama anayetoka Dodoma kwenda Moshi kwenye harusi yuko safarini. Mwambie Mwingereza kwamba mama yako yuko "on safari", atadhani anapiga picha za simba. Neno hilo, ambalo sisi wenyewe tulilipata kwa Waarabu, lilichukuliwa na wageni waliokuja Afrika Mashariki kuwinda. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani, alitua Mombasa na kuanza uwindaji mrefu ulioandikwa sana magazetini, na maana hiyo finyu ikazidi kushika mizizi. Mchezo wa vipande vya mbao uitwao Jenga nao ulibuniwa na Leslie Scott, aliyekulia Afrika, akauonyesha London mwaka 1983. Amri yetu ya ujenzi huko ni jina la mnara unaongoja kuanguka.

Hata kwenye rafu za vitabu vyetu lipo neno lililohama. Bepari lilikuja na watu wa India. Kwa Kigujarati vepari ni mfanyabiashara, na hapa pia lilianza na maana hiyo ya kawaida ya duka na mizani. Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na bepari akawa adui wa ujamaa, mtu anayeishi kwa jasho la wengine. Miaka miwili baadaye, mwaka 1969, ikatoka tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice. Aliiita Mabepari wa Venisi. Jina la Shakespeare liko katika umoja, na mfanyabiashara huyo ni Antonio, mwenye meli zake baharini. La Nyerere liko katika wingi, na kwa wingi huo Shylock mla riba naye ameingia.