Mvinyo mwekundu kwa chakula cha Kichina: Mjomba wa Mashuuru alinifunza

WAHENGA walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Ukweli wa msemo huo niliuona katika mkahawa mmoja wa Kichina mjini Kitengela, jioni tuliyomwalika mjomba wangu kutoka Mashuuru.

Msomaji mpendwa, huenda nawe umewahi kujipata katika hali kama yangu. Ni siku ya furaha katika familia, umejikusanyia vijisenti, na unataka wageni wako wale kitu tofauti na nyama choma na ugali. Mhudumu anakuletea orodha ya vyakula na vinywaji, lakini unaona haya kuuliza. Basi unaelekeza kidole kwenye chupa ya bei ghali na kutumaini kwamba bei itakufichia aibu.

Sherehe yetu ilikuwa ya dada yangu mdogo aliyehitimu chuo. Karo yake ya mwisho ililipwa na mjomba. Aliuza mafahali wake katika soko la mifugo la Emali wakati wa ukame wa 2022, ng'ombe walipokuwa wamekonda na bei imeanguka. Hakuna aliyestahili kiti cha heshima usiku huo kuliko yeye, nami nilitaka alijue hilo.

Niliagiza mvinyo mwekundu mzito kuliko yote iliyokuwapo, chupa ambayo bei yake ingetosha kununua nusu ya mbuzi. Pamoja nao nikaagiza kuku wa pilipili kavu, mapishi ya jimbo la Sichuan linalosifika Uchina kwa vyakula vikali. Mjomba alikula kipande kimoja, akanywa funda moja, akatulia. Kisha akaisogeza glasi kando taratibu, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwenyeji wake. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Nilipoonja mwenyewe, ulimi uliwaka moto na mvinyo ukawa mchungu kama dawa.

"Mpwa wangu," mjomba akasema kwa upole, "kinywaji hiki kinakaza ulimi kama olkiloriti. Lakini sisi olkiloriti hatuitii kwenye pilipili. Tunaitia kwenye supu ya nyama iliyonona."

Olkiloriti ni aina ya mgunga ambao Wamaasai huchemsha magome yake pamoja na supu. Bila kusoma kitabu chochote cha mvinyo, mzee alikuwa amegusa kiini cha jambo lote.

Ukakasi na mafuta

Je, ni kwa nini mvinyo mwekundu hukaza ulimi? Zabibu nyekundu huchachushwa pamoja na maganda na mbegu zake, na humo ndimo ukakasi unamotoka. Ni ukakasi ule ule wa ndizi mbichi, au wa chai ya rangi iliyoachwa na majani yake kwa muda mrefu. Ukakasi huo ukikutana na nyama yenye mafuta, hupungua makali, nayo mafuta huacha kuganda mdomoni. Kila upande humfaa mwenzake.

Pilipili ni hadithi nyingine. Kileo huzidisha moto wake, na ukakasi hugeuka uchungu. Sosi ile ya tamutamu na chachu nayo ina sukari, hivyo mvinyo mkavu ukinywewa nayo huonekana mchachu kupita kiasi. Samaki wa kupikwa kwa mvuke naye hapatani na mvinyo mzito, kwani mara nyingi huacha ladha ya chuma mdomoni.

Basi ukitaka kufurahia mvinyo mwekundu katika mkahawa wa Kichina, anza na chakula. Nyama ya ng'ombe iliyokaangwa kwa sosi ya soya na tangawizi inafaa sana. Bata wa kuokwa wa mtindo wa Beijing, mwenye ngozi iliyonona, anafaa zaidi. Kondoo wa bizari nyembamba, anayependwa sana kaskazini mwa Uchina, naye hana shida. Kwa kuwa mezani vyakula huwa vingi na kila mtu huchota anachopenda, mvinyo mwepesi usio na ukakasi mwingi hupatana na vingi kuliko ule mzito. Mwambie mhudumu, bila haya, kwamba unataka mwekundu mwepesi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hukosea. Tumeambiwa kwamba mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumba. Ushauri huo ulitoka katika nchi za baridi, ambako chumba kilichokusudiwa kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18 hivi. Chumba cha Kitengela mwezi Februari si hicho! Omba chupa itiwe kwenye friji kwa nusu saa kabla ya kufunguliwa.

Si kitu cha wageni tu

Usidhani kinywaji hiki ni cha Wazungu peke yao. Neno lenyewe mvinyo tulilipata kutoka kwa Wareno, na divai kutoka kwa Wafaransa, kwa hiyo limo vinywani mwetu tangu zamani. Dodoma, Tanzania, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na hapa Kenya mashamba ya Naivasha yametoa mvinyo uitwao Leleshwa, jina la kichaka ambacho kila mchungaji wa Kimaasai anakijua. Wachina nao wana kiwanda cha Changyu, kilichoanzishwa 1892 katika mji wa Yantai, na kwao rangi nyekundu ni ya heri.

Hata hivyo, mila ya meza yao tangu zamani ni chai na pombe ya mchele. Kwa hiyo mgeni wako asiyetumia kileo, awe Mwislamu au mlokole, hana sababu ya kujihisi mnyonge. Mwagizie birika la chai. Lakini tahadhari: mapishi mengi ya Kichina hutiwa mvinyo wa mchele ndani ya sufuria. Muulize mhudumu mapema, tena aulize jikoni, ili mgeni wako asile asichokiridhia.

Vijana nao wafahamu kwamba sheria ya vileo ya 2010 hairuhusu kuuziwa kileo mtu aliye chini ya miaka 18. Na ukisikia wenyeji wa karamu wakisema "ganbei", maana yake ni kausha glasi. Huna deni la kuikausha. Mvinyo hunywewa kwa mafunda madogo, katikati ya chakula, na maji kando yake.

Dereva wa familia yetu usiku huo alikunywa chai peke yake. Barabara ya Namanga ina matrela usiku kucha, na kutoka Kitengela hadi Isinya hakuna nafasi ya kujaribu bahati.

Turudi mezani. Mhudumu, kijana mwenye adabu, aliposikia maneno ya mjomba alicheka, akaondoa kuku wa pilipili na kumleta bata wa kuokwa. Mjomba akatwaa kipande chenye ngozi, akatafuna, akaivuta tena ile glasi aliyokuwa ameisukuma. Akanywa kidogo. Dada yangu alikuwa akimtazama bila kupumua.

"Ee," akasema, "sasa imepata nyama yake."

Alimaliza nusu glasi, basi. Mvinyo uliobaki tuliufunga kizibo, tukaenda nao nyumbani, maana ukiwekwa kwenye friji hukaa siku mbili tatu bila kuharibika. Mzee alipoinuka kwenda zake, alimshika dada yangu kichwani akambariki.

Nilikuwa nimetaka kumheshimu kwa bei ya chupa. Kumbe angeridhika zaidi kama ningemuuliza kwanza anachopenda kula. Nawe utakapomwalika mzee wako mahali pageni, anza hapo. Kuuliza si ujinga.